Pedagojiko Alivyotupangia Timu

Hakuweza kunyolewa akiwa kimya. Wateja wengine, nikishawasha mashine, hufumba macho na kuniachia kichwa. Yeye aligeukageuka kitini akimjibu mtu aliyekaa kwenye benchi nyuma yake, mpaka siku moja nikamkata sikio. Damu ikawa inashuka shingoni naye anaendelea kueleza kwa nini beki wa kulia wa Mocímboa hafai. Nilimpa pamba. Aliibana sikioni kwa mkono mmoja, akabishana kwa mkono wa pili.

Jina lake tulilijua, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Alikuwa msimamizi wa masomo katika shule ya sekondari, hapa kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Cheo hicho kwa Kireno ni kirefu, sisi tukakikata, tukabaki na Pedagojiko. Wanafunzi walimwita hivyo, wazazi walimwita hivyo, hata mkewe akija saluni kumtafuta alichungulia mlangoni na kuuliza, "Pedagojiko yuko hapa?" Alikuwa mtu wa bara, wa kule juu Wamakondeni, Mkristo. Kiswahili alikuja kukisomea kwetu, kwa kusikiliza, na alikizungumza polepole kama mtu anayevuka maji asiyojua kina chake. Kwenye mpira tu ndiko alikokimbia.

Siku yake ilikuwa Ijumaa. Sisi tukitoka msikitini tulimkuta ameshakaa kibarazani kwangu, viatu vimepigwa rangi, shati limechomekwa, anatungoja. Jumamosi na Jumapili ndizo zilikuwa siku za mechi za shule: sisi, Mocímboa, Mbau, na vijana wa visiwani ambao walisoma huku bara lakini wakang'ang'ania kucheza kwa jina la kisiwa cha Macaloe. Ijumaa nzima ilikuwa ya kutabiri. Nani atashinda, kwa mangapi, nani atapangwa, nani ataumia. Ungetusikia ungedhani tunazungumzia uchaguzi.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Mzee Anli, muuza vitenge, ambaye wazee wake walitoka Mtwara kama wangu. Mzee Anli alitabiri kwa ndoto.

"Nimeota Mbau wanalia," alisema.

"Prova iko wapi?" Pedagojiko aliuliza. Prova kwa Kireno ni ushahidi, na pia ni mtihani, na yeye akilitamka neno hilo hukujua anataka kipi.

"Nimekwambia nimeota."

"Ndoto si prova, mzee wangu. Mimi nikiota mwanafunzi amefaulu, nimpe cheti?"

Watu walicheka, na Mzee Anli alicheka kuliko wote, kisha Jumapili Mbau walilia kweli, na Jumatatu Mzee Anli alikuja mapema kukaa kwenye kiti kizuri.

Pedagojiko alitabiri kila wiki kwamba shule yake itafungwa. Hilo liliwaudhi watu. Mwenye duka la jirani alimwita msaliti, nusu kwa utani. Yeye alisema mtu anayeipenda timu yake anatakiwa kuyajua madhaifu yake, na aliyataja moja baada ya jingine huku wachezaji wenyewe wamesimama pale wakingoja zamu ya kunyolewa. Hakuwa na huruma ya mdomo. Lakini Ijumaa jioni nilimwona mara nyingi akipita nyumba kwa nyumba, anaulizia kama kijana amekula. Penye mlango usiotoa moshi wa jiko alisimama, akazungumza na mama wa nyumba kuhusu masomo, akaondoka, na baadaye mkewe alipita njia ileile na sufuria iliyofunikwa.

Alikuwa mkali wa masomo mpaka akajiumiza mwenyewe. Kuna wiki alimfungia mshambuliaji wetu kwa kuanguka hesabu. Mji mzima ulimsihi, hata sheikh alituma mtu. Alikataa. Tukafungwa vibaya na Mocímboa, na Jumatatu alikuja saluni amekunja uso, akamlaani kocha kwa kucheza bila mshambuliaji.

Mzee Anli alimtazama. "Senyori, mshambuliaji umemfungia wewe."

"Najua. Ndiyo maana nimekasirika."

Mwenyewe hakuwa na mguu wa mpira hata kidogo. Mara moja mpira ulitoka uwanjani ukamfuata miguuni, akaupiga kwa nguvu zote, kiatu kikaruka kuliko mpira. Wanafunzi waligeuza nyuso pembeni. Alikwenda kukichukua kiatu chake taratibu, akakivaa, akafunga kamba, akarudi mahali pake. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipofika mbali.

Kijana ambaye Pedagojiko alimsema kuliko wote alikuwa Amade, golikipa. Alikuwa mtoto pekee wa mama mmoja muuza vitumbua aliyekaa karibu na soko, kijana mtulivu, mwenye mikono mirefu isiyolingana na mwili. Amade alikuja kunyolewa Ijumaa, akakaa kitini na shuka shingoni, akawa anasikiliza wanaume wazima wakimjadili kana kwamba hayupo.

"Mipira ya juu, sawa," Pedagojiko alisema. "Ya chini hawezi. Anainama kama mzee wa kibiongo."

"Nitajifunza, Senyori," Amade alisema kupitia kioo.

"Utajifunza lini? Kesho ndiyo mechi."

Amade alitabasamu tu. Akishaondoka, Pedagojiko alimsindikiza kwa macho mpaka kona, kisha akatuambia, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba kijana yule akipata mwalimu mzuri atadakia timu ya taifa. Nilimwuliza kwa nini hamwambii. Alisema kijana akiambiwa hivyo mapema huacha kuinama.

Wiki ile ya mwisho, mjomba wake Amade alikuwa amekuja na bidhaa kutoka Mtwara, na alitaka kurudi naye amsaidie dukani. Kijana alikuwa tayari kwenda. Pedagojiko alimkuta njiani, akamwambia Jumamosi tunacheza na Mocímboa, na bila yeye hatuna goli. Acheze, kisha aende. Mjomba alikuwa na haraka, akaondoka peke yake. Amade akabaki.

Vita viliingia mjini kabla ya Jumamosi.

Siku yenyewe siielezi. Sisi tuliokuwepo tunaijua, na asiyekuwepo sitaki kumpa. Nitasema tu kwamba vijana wengi walikimbilia mikokoni, Amade akiwa kati yao, na wenzake walipotoka upande wa pili, yeye hakuonekana. Mmoja alisema alimwona akichukuliwa porini. Mwingine alisema hapana, alipanda mashua iliyoelekea Macaloe. Mashua ile ilifika, naye hakuwamo, lakini aliyesema hivyo hakubadilisha maneno yake.

Tulikusanyika nje ya uzio wa Afungi, ambako kuna mitambo ya gesi na walinzi na magari meupe yanayoingia na kutoka. Wengine walipata nafasi ya kwenda Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, si kile kisiwa, wengine tulibaki hapo kambini, chini ya maturubai. Mashine yangu ya kunyolea ilibaki mjini. Niliazima mkasi na wembe, nikaweka ndoo kichwa chini iwe kiti, nikaanza kazi. Watu walikuja, wakakaa kwenye mchanga, lakini hawakusema kitu. Ilikuwa saluni ya mabubu. Wiki nzima nilisikia mkasi wangu peke yake.

Pedagojiko alifika Ijumaa. Viatu vilikuwa bila rangi, shati lilikuwa la mtu mwingine, lakini alilichomeka. Alikaa karibu na Mzee Anli.

Kisha akasema, "Kesho tunacheza na Mocímboa. Golini, Amade."

Hakuna aliyecheka wala aliyemwuliza ana nini. Akaendelea kuwataja, mabeki, viungo, mawinga, kila mtu mahali pake, kama alivyokuwa akiwataja kwenye kibaraza changu. Wengine walikuwa kambini hapohapo. Wengine tulisikia wako Pemba. Wengine tuliwafunika kwa majani njiani kwa sababu hatukuwa na jembe.

Mzee Anli alikuwa anachora mchanga kwa kidole. Alipomaliza kusikiliza alisema, "Mocímboa watashinda."

"Prova iko wapi?"

"Nimeota."

Na hivyo ikaanza tena. Ijumaa tulitabiri, Jumamosi na Jumapili hatukukutana, kana kwamba kila mtu ameenda uwanjani kwake, na Jumatatu tulikaa kusimulia mechi ilivyokwenda. Bao liliingia dakika za mwanzo. Hapana, lilikataliwa. Mwamuzi alinunuliwa na watu wa Mbau. Tulibishana mpaka tukakubaliana matokeo, na matokeo tuliyokubaliana yalibaki hivyo, hakuna aliyeyarudia. Uwanja wenyewe tulijua una mahema ya askari. Hatukuutaja.

Kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiweka: mchezaji hakuitwa marehemu. Alipangwa au alikaa benchi. Watu walianza kuja kusikiliza. Walisimama pembeni ya turubai, wanawake kwa wanaume, wakajifanya wana shughuli, na jina fulani likitajwa utaona mmoja anainama kufunga kandambili ambayo haina kamba.

Siku moja nilikuwa namnyoa winga wetu wa kushoto, ambaye alinusurika. Pedagojiko akawa anasimulia jinsi winga huyuhuyu alivyompiga chenga beki na kumpa pasi nahodha. Nahodha ndiye wa kwanza tuliyemfunika. Nilihisi kichwa cha kijana kikikaza mkononi mwangu. Nikaondoa wembe.

"Aliipokea?" kijana aliuliza.

Pedagojiko alimwangalia. "Aliipokea vizuri," alisema. "Ilikuwa pasi nzuri."

Nikangoja mpaka shingo yake ilegee, nikaendelea.

Sijui kama tulikuwa tunafanya jambo jema. Mke wa Pedagojiko hakulipenda. Aliniambia mumewe anatembea kambini akiongea peke yake, na kwamba anapanga timu hata akiwa anakula. Alisema watu wa kwao wakimwita mtu aliyeondoka kwa jina lake kila wiki, wanajua wanachokifanya, na sisi hatujui.

Jumatatu moja tulikuwa tumekubaliana kwamba tulitoka sare na Macaloe, na kwamba Amade alidaka penalti. Pedagojiko aliieleza vizuri sana. Mpira wa chini, upande wa kushoto, na Amade alikwishajifunza kuinama. Habari ikatoka pale ikaenda kwenye foleni ya maji, ikafika huko imevuliwa mwanzo wake na mwisho wake.

Mama Amade alikuja anakimbia. Kanga ilikuwa imemwanguka kichwani, hakuiokota. Alisimama mbele yetu anahema.

"Nimesikia mtoto wangu kadaka mpira jana," alisema. "Kadakia wapi? Nani kamwona?"

Tulikuwa wanaume wengi pale. Kila mmoja alitazama mchanga wake.

Pedagojiko alisimama. "Mama," alisema, "hakuna aliyemwona. Ni sisi. Tunacheza kwa maneno. Mimi ndiye niliyesema amedaka."

Nilidhani atampiga, na nadhani yeye naye alingoja kupigwa, kwa sababu aliweka mikono nyuma. Mama Amade alimtazama kwa muda. Pumzi yake ikashuka kidogo kidogo. Kisha alikaa chini, palepale alipokuwa, akaokota kanga yake akaikung'uta.

"Alidaka vipi?" aliuliza.

Pedagojiko alitutazama sisi, kama anataka mtu amsaidie. Hakuna aliyemsaidia. Akachuchumaa, akamweleza. Mpigaji alikuwa mrefu. Alirudi nyuma sana, na Amade akajua kwamba anayerudi nyuma sana anapiga kwa nguvu, hachagui. Akangoja. Akaenda kushoto, chini, akaukumbatia.

"Hakuutema?"

"Hakuutema."

Mama Amade alitikisa kichwa kukubali. Akainuka, akaenda zake. Jumatatu iliyofuata alikuja tena, akakaa pembeni na beseni lake tupu. Ikawa kila Jumatatu. Pedagojiko akawa hawezi tena kumruhusu Amade afungwe bao la kizembe. Mzee Anli alipojaribu kusema Mocímboa wamefunga mpira uliopita katikati ya miguu ya kipa, Pedagojiko alimkatalia kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake, na Mzee Anli akalibadilisha, akasema ulimgonga beki.

Ilikuwa baada ya muda, siku ambayo si Jumatatu, Pedagojiko yuko kwenye ndoo yangu nusu ya kichwa imenyolewa, Mama Amade alipokuja peke yake. Nilitaka kuondoka, akasema nibaki.

"Senyori, nina ombi," alisema. "Nataka kumsomea mwanangu hitima. Sheikh amesema nisubiri, ndugu zangu wamesema nisubiri. Lakini mimi mwenyewe nimejua. Najua tangu siku ile ya kwanza. Sasa siwezi kumsomea hitima mtoto ambaye kila Jumapili anadaka. Mpumzishe."

Pedagojiko alibaki na shuka shingoni. Mikono yake ilikuwa ndani, sikuiona.

"Mimi ndiye niliyemzuia," alisema. "Mjomba wake alitaka kumchukua. Nilimwambia acheze Jumamosi kwanza. Nilimpanga, mama, na hakucheza. Ndiyo maana nampanga."

"Najua ulimzuia. Aliniambia." Akawa anakunja ncha ya kanga. "Alikuja nyumbani anacheka. Akasema, mama, Pedagojiko amesema bila mimi hatuna goli. Alikuwa hajawahi kusikia neno zuri kutoka kwako. Aliosha glovu zake akazianika. Mimi siku hiyo nina picha yake, anaanika glovu anacheka. Usininyang'anye hiyo kwa kuja kuniomba msamaha."

Nilimaliza kumnyoa baadaye sana, na hakugeuza kichwa hata mara moja.

Ijumaa alikuja kama kawaida. Watu walikuwa wamejaa. Alikaa, akasema, "Kesho tunacheza na Mbau." Kisha akasema, "Golini," akaishia hapo.

Tulingoja. Nilisikia gari likipita kwenye uzio. Alikuwa anaweza kumtaja mwingine, golikipa wa akiba alikuwepo, tena alikuwa kambini mzima. Hakumtaja.

Mzee Anli ndiye aliyesema. "Golini hakuna mtu, Senyori."

"Hakuna," Pedagojiko alisema.

"Basi hatuchezi. Timu haichezi bila kipa."

"Hatuchezi."

Watu walikaa kidogo, kisha wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakikung'uta mchanga nguoni. Hitima ilisomwa siku chache baadaye. Pedagojiko alikuja, akavua viatu, akakaa ukingoni mwa mkeka. Hakujua maneno, lakini alikaa mpaka mwisho, na aliposhikwa mkono kupewa pole aliupokea kama mmoja wa wafiwa. Mama Amade hakukaa sana baada ya hapo. Kaka yake alikuja kumchukua, akahamia Mtwara. Mzee Anli alifia kambini, kwa homa. Mpira haukutajwa tena kwenye ndoo yangu.

Nilimwona Pedagojiko kwa mara ya mwisho mjini, tuliporudi. Nilikuwa nimeezeka saluni upya kwa mabati ya kuokoteza, na nimepata mashine nyingine. Yeye alikuwa amehamishiwa Mbau, na alikuja Palma kufuata karatasi zake za kustaafu. Alikuwa amekonda, na nywele zilizobaki zilikuwa nyeupe. Shule ilikuwa imefunguliwa, madarasa mengine bado hayana milango. Wiki hiyo timu mpya ya vijana, ambao wengi sikuwajua wazazi wao, ilikuwa inakwenda kucheza Mocímboa, safari ya kwanza kwa barabara ile tangu vita.

Saluni ilikuwa imejaa vijana wenye simu. Walibishana kwa makelele, Kiswahili na Kireno humohumo, mmoja anasema watashinda, mwingine anasema kipa wao ni mlango wazi. Pedagojiko alikaa kitini akiwa kimya. Nilimnyoa bila shida, hakugeuka.

Mmoja wa vijana, ambaye pengine aliwahi kusikia habari zake, alimwuliza kwa adabu, "Senyori, wewe unatabiri nini?"

Nikazima mashine.

"Natabiri kwamba Jumapili jioni watarudi wote," alisema.

Kijana alingoja asikie mengine. "Na mabao?"

"Hayo sijui."

Waliangaliana, kisha wakarudi kwenye ubishi wao, lakini kwa sauti ndogo zaidi.

Jumapili nilifunga mapema nikaenda penye njia panda. Wazazi walikuwa wamesimama pale, hawazungumzi. Pedagojiko alikuwa mbele yao, mikono nyuma. Alitakiwa awe amesharudi Mbau, sikumwuliza kwa nini hajarudi. Lori lilichelewa. Mwanamke mmoja alikaa chini, akasimama, akakaa tena. Jua lilikuwa limeshaanza kuwa la manjano tulipoona vumbi, na hata vumbi lilipokuwa lori, na lori lilipokuwa na vichwa vya watu juu, hakuna aliyesogea.

Pedagojiko alikwenda nyuma ya lori. Kila kijana aliyeruka chini alimgusa begani, kidogo tu, kama mtu anayehesabu mbuzi, akamwacha apite kwa mama yake. Mwisho akashuka kipa, kijana mfupi mwenye mpira kwapani. Alimgusa yeye pia. Kisha akachungulia ndani ya lori, akaangalia pembe zote, akarudi kwangu.

Tulitembea pamoja kuelekea mjini. Vijana walikuwa nyuma yetu, wamechoka, wengine wanachechemea, wanalaumiana kwa sauti.

"Wamefungwa mangapi?" nilimwuliza.

"Sikuuliza," alisema.